Wazee wa Kanisa na Wimbo wa Jumatatu

Mimi ni mtoto wa reli. Baba yangu alitoka Kasai akiwa kijana, akaja kufanya kazi stesheni ya Kindu, akatuzaa hapa, akawa mzee wa kanisa. Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria mbili: usiseme uongo, na usilete muziki wa baa. Ya kwanza niliiweza.

Balaa lilianza na kaseti. Binamu yangu aliileta kwa treni kutoka Lubumbashi: vijana wazungu wanamwimbia Yesu, lakini gitari inanguruma kama lori la mgodi wa Kalima likipanda mlima. Mama weee! Niliisikiliza mpaka batri zikaisha, nikazianika juani, nikaisikiliza tena. Sikuelewa kitu isipokuwa jina la Yesu, na hilo lilinitosha. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kumpenda Mungu kwa kelele.

Kwaya yetu ya vijana ilikuwa na gitari moja ya umeme, niliyoipiga mimi, na bafle moja, lile sanduku la sauti, ambalo karatasi yake ya ndani ilikuwa imechanika. Fundi alitaka kuiziba. Nikamwambia athubutu! Mchaniko ule ndio uliotupa mngurumo wa kaseti. Jumapili moja tukapiga. Mama mmoja wa benchi la mbele alidhani paa linaanguka, akatoka mbio na kuacha kiatu kimoja nyuma.

Wazee wakakaa kikao jioni ile ile. Baba akarudi nyumbani amenuna.

"Wazee wanasema ile njo muziki ya Shetani," alisema. "Mutapiga tena mara moja, Jumapili yenye kuja, wote tusikilize. Kama iko vile vile, gitari itauzwa na kwaya itafungwa."

"Na wewe, Papa, unasema nini?"

"Mimi niko muzee wa kanisa."

Jibu gani hilo? Nilikasirika hata sahani yangu ya sombe, yale majani ya muhogo, nikaisukuma pembeni. Kwaya ile ndiyo ilikuwa maisha yangu. Msichana kama mimi angeshika gitari wapi pengine katika Kindu? Kwenye baa, na huko Baba angenivunja miguu.

Sasa, enzi zile za Chama kimoja, kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kugusa kazi, wafanyakazi wa reli walijipanga mbele ya bendera, wakaimba na kucheza kumsifu Kiongozi. Tuliita animasio. Asiyecheza aliitwa ofisini kujieleza. Posta walifanya hivyo, na ofisi zote za serikali pia. Na wazee wetu wa kanisa, karibu wote, walikula mshahara wa reli au wa serikali. Wale wale waliotuambia kiuno ni cha Shetani, Jumatatu walikizungusha ndani ya abakosti, ile suti ya Chama isiyo na tai, jasho likiwatoka.

Jumatatu ile nilipita karibu na ua wa stesheni nikienda sokoni, nikasimama kuwatazama. Mara nikasikia. Lo! Ule wimbo wa Chama ulikuwa wetu, wa kitabu chetu cha nyimbo. Walikuwa wameuongezea mwendo, wakamtoa Yesu, wakamweka Kiongozi. Nilicheka peke yangu mpaka muuza ndizi akaniuliza kama niko muzima.

Jumapili ikafika. Wazee walikaa mbele, mikono wameikunja, Baba katikati yao. Nikaanza wimbo ule, kwa maneno ya kitabu chetu, lakini kwa mwendo wa Jumatatu kabisa. Bafle ikanguruma. Heri ungewaona! Mwili uliozoea animasio hauombi ruhusa. Ubeti wa kwanza haujaisha, shemasi wa posta yuko wima, anapiga makofi kama mbele ya bendera. Wenzake wakamfuata. Baba alikuwa wa mwisho. Niliona goti, kisha bega, kisha huyo katikati ya kanisa, kiuno chote.

Wimbo ulipoisha, wakakumbuka walipo. Wakatazamana. Kusema mdundo ule ni wa Shetani, ilibidi kwanza waseme Jumatatu huwa wanamchezea nani, na miaka ile kila benchi lilikuwa na masikio ya Chama. Mkuu wa wazee akafuta jasho.

"Eeh... wimbo iko katika kitabu yetu," alisema. "Gitari ibaki."

Kanisa zima likasema amina haraka haraka, asije akabadilisha neno lake.

Nyumbani nilingoja kipigo. Baba akavua viatu polepole.

"Ulifanya makusudi."

"Ndiyo, Papa."

"Unajua ungetutia matatizo makubwa?"

"Ndiyo, Papa."

Akavipanga viatu chini ya kiti. "Miaka yote nachezaka juu ya woga," alisema. "Leo nilicheza kwa sababu nilipenda." Nikataka kulia. Kisha akakunja uso tena. "Lakini ile bafle, muizibe."

Hatukuiziba.

Kesho yake nikapita tena karibu na ua wa stesheni. Ngoma zilikuwa zinalia, mikono iko juu, safu nzima inamwimbia Kiongozi wimbo ule ule. Mdomo wa Baba naujua vizuri. Pale wenzake walipotaja jina la Kiongozi, yeye alikuwa anamtaja Yesu, mchana kweupe, mbele ya bendera. Moyo ulinipasuka kwa hofu. Aliponiona, hakuacha. Aliongeza kiuno.