Alipokufa na Atakapokufa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka uso unaniwaka kama nimekaa karibu mno na moto. Sipendi kuisimulia. Hata watoto wangu wa kuwazaa waliisikia nje, kwa watu, kwa sababu wakubwa wote wa hapa Lukozi wanaijua. Lakini jana ulipita hapa na wageni wako Wahispania, nami nilikuwa naanika nguo, nikakusikia ukiwaambia, "Cuando llegó el coche, nos vamos." Ulitaka kusema gari litakapofika mtaondoka. Ulichosema ni kwamba gari limeshafika. Wageni wakageuza shingo kulitafuta. Yule mama mwenye kofia akajaribu kukurekebisha, ukamjibu "sí, sí," ukaendelea kuongea. Hiyo "sí, sí" yako ndiyo iliyofanya nikuite leo. Kaa hapo, chai inakuja.

Hukujua kwamba nakijua Kihispania. Wengi wa rika lako hawajui, maana ni miaka mingi sijakisema mbele za watu.

Nilipokuwa msichana, hapa juu palikuwa na zahanati ndogo ya masista wa Kikatoliki. Sisi nyumbani ni Walutheri, baba alikuwa mzee wa kanisa, lakini masista walihitaji msichana aliyemaliza shule, anayejua Kishambaa na Kiswahili, wa kuwasaidia kuongea na wagonjwa, na kazi nikaipata mimi. Mkuu wa zahanati alikuwa Sista Pilar, mkunga, mzaliwa wa kijiji cha milimani huko Hispania. Alikuwa mfupi, mwenye sauti nzito, na mikono yake ndiyo iliyowapokea watoto wa upande huu wote. Mwenzake alikuwa Sista Agnes, Mtanzania wa Kilimanjaro, ambaye Kihispania hakukijua. Mara kwa mara walikuja madaktari kutoka Hispania, wanakaa majuma machache, hawajui neno la Kiswahili. Kwa ajili yao Sista Pilar akaamua kunifundisha lugha yake.

Nilikishika haraka, hilo sikufichi. Madaktari walinisifu, wakasema naongea kama mtu wa kwao, na sifa zile zilinipanda kichwani. Nikaanza kutembea tofauti. Hata sokoni, mtu akiniuliza bei ya viazi, nilikuwa nachomeka neno la Kihispania ili nionekane.

Sista Pilar peke yake hakunisifu. Yeye alinisahihisha. Alinisahihisha jikoni, mlangoni, mbele ya madaktari, mbele ya wagonjwa wakiwa kwenye foleni, na kila aliponisahihisha nilihisi amenivua nguo. Na kosa langu lilikuwa lile lile kila siku, neno cuando na kitenzi kinacholifuata.

"Naomi," aliniambia jioni moja tukikunja mashuka, "nyinyi kwa Kiswahili mnasema mtoto alipozaliwa, na mnasema mtoto atakapozaliwa. Hamchanganyi. Kwa nini kwetu unachanganya?"

Akanieleza taratibu, kwa mifano ya kazi yake. Kama mtoto ameshazaliwa, tunasema cuando nació, maana jambo limetokea na limekwisha. Kama ni jambo la siku zote, kwamba kila mtoto anapozaliwa hulia, tunasema cuando nace, kwa kuwa tumeliona tena na tena. Lakini kama mama bado yuko kitandani anasubiri, ni cuando nazca. Hapo kitenzi kinabadilika sura, kwa sababu mtoto huyo hatujamwona, na hakuna anayejua kama atafika salama.

"Na ukisema antes de que, yaani kabla," akaongeza, "tumia sura hiyo ya bado siku zote. Ukisema hasta que, yaani mpaka, jiulize kwanza kama jambo limetokea au bado."

"Lakini Sista, watu wananielewa," nikamjibu.

"Wanakisia," akasema. "Si sawa na kuelewa."

Nilikunja shuka lile vibaya kwa makusudi. Tangu siku hiyo nikawa na visingizio vya jioni: leo mama anaumwa, leo ng'ombe hajakatiwa majani. Masomo yakafa hivyo hivyo, pole pole, bila ugomvi. Sista alinitazama tu. Nadhani alijua.

Masika yaliyofuata, Sista Pilar akashikwa na homa ya mapafu. Mvua ilikuwa kubwa mno mwaka ule. Udongo ulikuwa umeporomoka ukafunika barabara ya kwenda Lushoto, gari haliendi wala halirudi, kwa hiyo Sista Agnes akamtibu palepale kwa dawa alizokuwa nazo. Sauti ile nzito ikakauka. Akawa ananong'ona, kisha anapumzika, kisha ananong'ona tena.

Kaka yake alikuwa na desturi ya kumpigia simu Jumapili, kwenye simu ya mezani ya misheni. Jumapili ile Sista akatuita kitandani, mimi na Sista Agnes, akasema kwa Kiswahili ili wote wawili tusikie.

"Kaka akipiga, Naomi mwambie naumwa. Mwambie nitakapokufa nataka nizikwe hapa, wasihangaike kunisafirisha. Na mama asiambiwe lolote kabla sijapona."

Mama yake alikuwa mzee sana, anakaa na huyo kaka.

Simu ikalia. Mwanangu, ningekuambia kwamba niliogopa, ingekuwa afadhali. Lakini sikuogopa. Nilifurahi. Mwanamke anapigania pumzi chumba cha pili, na mimi nimefurahi kwamba jambo zito kama lile linapita mdomoni mwangu. Nikashika simu, nikamsalimia yule mwanamume kwa Kihispania kizuri kabisa, nikamwambia, "Cuando murió la hermana, quería quedarse aquí." Sista alipokufa, alitaka kubaki hapa. Nilipaswa kusema cuando muera, atakapokufa. Tofauti ni ndogo hivyo, na hata kusema kwamba anaumwa nilisahau.

 Kaka yake akauliza, "¿Murió?"

Alikuwa ananiuliza, amekufa? Mimi nikadhani anarudia neno langu kuhakikisha amelisikia, kwa kuwa laini ilikuwa na kelele za mvua. "Sí, sí," nikamjibu. "Cuando murió." Nikaongeza kwamba mama asiambiwe.

Akaanza kulia. Nilisikia mtu mzima analia mbali kule, na nikambembeleza. Nilimwambia asilie, kwa sauti ya upole, nikijiona mwenye busara. Laini ikakatika.

Nikarudi chumbani. "Amesemaje?" Sista akanong'ona.

"Amelia, Sista. Lakini ameelewa."

Juma hilo nguzo za simu zikaanguka, tukawa hatuna mawasiliano. Mvua ikapungua, na Sista Pilar naye akaanza kupata nafuu. Akaomba uji, kisha akaomba atolewe nje aote jua.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la zahanati na blanketi mabegani, anachambua maharage, tulipomwona mtu anapanda njia ya mguu kutoka bondeni. Matope yamemfika magotini. Alikuwa daktari mmoja kijana wa Kihispania aliyefanya kazi Tanga, aliyewahi kuja kwetu. Alivaa shati jeusi, na begani amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwa kanga. Alipofika karibu akamwona Sista. Akasimama. Kisha akaketi chini, kwenye matope.

Walizungumza Kihispania. Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo mkononi, na kila neno nilielewa. Kaka alimpigia simu Tanga. Kule kijijini kwao kengele za kanisa zimepigwa, misa ya marehemu imesomwa. Mama ameambiwa, maana nani anaweza kumficha mama msiba wa mtoto wake? Mama amevaa nguo nyeusi na hataki kula. Kaka aliomba daktari afike kaburini kwa niaba yao, na kwa kuwa barabara ilikuwa mbovu, ameacha gari mbali akatembea.

Sista akanyoosha mkono kwenye kile kitu. Daktari hakutaka, lakini akafungua kanga. Ulikuwa msalaba wa mbao, mpya, fundi wa Tanga ameuchonga vizuri. Sista Pilar akapitisha kidole kwenye herufi.

"Jina langu wameliandika vizuri," akasema.

Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, bila kupandisha sauti. "Naomi, ulisema murió au muera?"

Wagonjwa walikuwa wanatazama. Sista Agnes alikuwa mlangoni. Nilitaka kusema laini ilikuwa mbaya, na maneno yale yalishafika kwenye meno. Lakini alinitazama tu, akisubiri, nikasema, "Murió."

 Akaomba viatu.

Tulishuka naye Lushoto siku ileile, ingawa Sista Agnes alimkataza. Tulitembea mpaka lilipokuwa gari la daktari, yeye ameniegemea, anasimama kila kona kuvuta pumzi, na kila pumzi niliisikia kwenye shingo yangu. Posta wakatuunganishia simu baada ya kusubiri sana. Kaka alipiga kelele, kisha akacheka na kulia pamoja. Mama akakataa kuja kwenye simu, akidhani wanamdanganya ili ale. Mwishowe akaja. Sista aliongea naye kwa muda, sauti inakwaruza, na alipoweka simu macho yalikuwa mekundu.

"Anasema sauti amesikia," akatuambia, "lakini sauti yangu anaisikia hata ndotoni. Anataka anione. Lazima niende."

Tukakaa kwenye ngazi za posta kumsubiri daktari alete gari. Hapo ndipo aliponikaripia, mwanangu, mara moja tu.

"Kosa la kitenzi ningekusamehe hapo hapo," akasema. "Mimi mwenyewe Kiswahili nimekikosea miaka mingi, na kina mama wananicheka. Lakini wewe ulimsikia mtu analia, na hukumuuliza analia nini. Aliuliza neno moja, ukamjibu ndiyo kabla hujajua ameuliza nini. Uliogopa kuonekana hujui."

 Watu walikuwa wanapanda na kushuka ngazi zile, wengine wananisalimia, na mimi nilitamani ardhi inifunike.

Aliondoka baada ya majuma machache, alipopata nguvu. Kina mama walikuja hata kutoka Mtae, na mahindi, na mapeasi, na watoto aliowazalisha. Gari lilipokuwa linawashwa nikasogea dirishani, nikamwambia, "Cuando vuelva, hermana, me enseña otra vez." Utakaporudi, Sista, unifundishe tena.

Akanishika shavu. "Sasa umesema sawa," akasema.

Nilisema sawa, kwa sura ile ya jambo ambalo bado, na likabaki bado. Hakurudi. Mama yake alipomwona hakumwachia tena. Akaugua, Sista akamuuguza mpaka alipofariki, na kufikia hapo mapafu ya Sista mwenyewe yalikuwa yameharibika, madaktari wakamzuia kusafiri. Alizikwa kule kijijini, pembeni ya mama yake. Yeye aliyetaka kulala huku.

Na huku zahanati ikakaa muda mrefu bila mkunga. Wanawake walibebwa kwa machela mpaka Lushoto. Wengine walifika, wengine walijifungulia njiani, na si wote waliorudi na watoto. Walikuwa wananiuliza mimi, "Dada, Sista anarudi lini?" Walikuwa hawaniulizi kwa ubaya. Niliinamisha kichwa nikasema sijui.

Basi mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Hiyo lugha jifunze, na ujifunze vizuri. Kila utakapotaka kusema cuando, simama kidogo moyoni ujiulize: jambo hili limeshatokea, hutokea siku zote, au bado tunalisubiri? Kama bado, kipe kitenzi sura ya bado, hata kama mgeni anakusubiri na foleni ni ndefu. Gari ambalo halijafika, sema llegue. Usione ni jambo la darasani. Kuna mtu upande wa pili atakayelala au atakayekesha kwa kitenzi chako.

Akitokea wa kukusahihisha, kama yule mama mwenye kofia, mshukuru, umwombe arudie, useme nawe mpaka neno likae sawa. Hajakuvua nguo. Mimi nilidhani hivyo, na mpaka leo naona aibu, kwa sababu aliyenisahihisha alikuwa ananipenda kuliko wote walionisifu. Na usipoelewa, sema sikuelewa. Na ukisikia mtu analia, muulize analia nini kabla hujambembeleza.

Mungu akujalie masikio yanayosikia vizuri na ulimi usio na haraka. Wageni unaowaongoza wafike na warudi kwao salama, na watu wa kwao wasipokee kamwe habari ya uongo kutoka kinywani mwako. Akupe wa kukufundisha, akupe unyenyekevu wa kufundishwa, na siku ukikabidhiwa ujumbe wa mtu aliye kitandani, akusaidie kuufikisha kama alivyousema. Amina. Sasa kunywa chai yako, kisha uniambie tena kwa Kihispania habari za lile gari.