Sanduku la Bi Hansa Mbele ya Kamera

Pradip alikuwa mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Akifunga mlango, lazima arudi kuutikisa. Akipanda basi, atamuuliza kondakta mara mbili kama kweli linakwenda Edmonton, kaskazini ya London, ilhali limeandikwa mbele kwa herufi za kuonwa na kipofu. Lakini tangu yeye na mama yake waingie London, wasiwasi uliomnyima usingizi hasa ulikuwa mmoja tu. Ni lile sanduku la kijani chini ya kitanda cha mama.

Waliondoka Mombasa mbio mbio mwaka 1968, kabla sheria mpya ya Uingereza haijawafungia njia Wahindi wa Afrika Mashariki wenye pasi za Kiingereza. Baba, Jitendra mpiga picha, alibaki nyuma kidogo auze vitu vya studio yake. Hicho kidogo ndicho kilichomponza. Njia ikafungwa, na miaka miwili baadaye alikuwa bado anasubiri kibali. Mama, Bi Hansa, hakulia mbele za watu. Alichofanya ni kukataa kutoa nguo sandukuni. Alivaa sari mbili tatu kwa zamu, nyingine zikabaki zimekunjwa humo pamoja na shati jeupe la mumewe.

"Kabati la nini?" Bi Hansa angesema kila Pradip alipomgusia. "Baba yako asipopewa njia ya kuja, mimi njia ya kurudi naijua."

Kila akisikia hayo Pradip alilichungulia tena sanduku chini ya kitanda. Angebaki na nani katika baridi hii? Mchana alipakia makreti katika bohari, na jioni za Jumatano alikwenda klabu ya filamu fupi katika ukumbi wa kanisa. Huko Douglas, Mskochi mmoja mstaafu, alikuwa akiwafundisha kuandika mswada wa filamu kabla ya kugusa kamera. Pradip aliandika, "Mama ana huzuni. Anafikiria kurudi kwao." Douglas akayakata yote kwa kalamu nyekundu. Kamera haioni mawazo, alimwambia, niandikie mikono inafanya nini.

Pradip alirudi nyumbani amenuna. Mikono ya mama ifanye nini, alijiuliza, ndipo niamini kwamba haendi? Akaandika tena: "Mwanamke anavuta sanduku. Anafungua. Anapanga nguo kabatini, moja moja. Anafunga kabati." Douglas akasema, naam, hapo pana filamu. Maskini, hakujua alichokuwa akikisifu.

Sasa nani acheze? Hakuwa na mwingine.

"Ba," alimwita, kama Wagujarati wamwitavyo mama, "ni mchezo tu. Tukimaliza utarudisha kila kitu."

"Na lazima liwe sanduku langu?"

"La kuazima litajulikana tu kuwa la kuazima."

Bi Hansa alimtazama mpaka akainamisha macho. "Haya. Lakini usinichekeshe."

Jumapili asubuhi, mwanga ulipoingia vizuri dirishani, Pradip alisimamisha kamera ya zamani ya baba yake juu ya miguu yake mitatu. Ilikuwa ya kujaza ufunguo kama saa. Akajaza, akaweka jicho kwenye kidirisha cha kutazamia. "Anza, Ba."

Mama alilivuta sanduku. Halafu, badala ya kulifungua, akainua uso akaikazia kamera macho, jambo ambalo Douglas aliwakataza kabisa. Pradip aliuma meno asipige kelele. Ndipo Bi Hansa akafungua. Alizitoa sari polepole, akazipanga. Shati la mumewe alilileta puani, jambo lisilokuwamo katika mswada, akalitundika, akafunga kabati.

Pradip aliinua kichwa kwa furaha, ndipo akaona. Lenzi ilikuwa na kifuniko chake cheusi! Kwa kamera ile jicho lina dirisha lake na lenzi ina lake, kwa hiyo unaweza kupiga giza tupu usijue. Mtoto wa mpiga picha mzima!

"Imetoka?" mama aliuliza. Mkono wake ulikuwa bado kwenye mlango wa kabati. "Au nirudishe tuanze upya?"

Filamu iliyobaki ilitosha kurudia. Neno moja tu, na zile sari zingerudi sandukuni. Pradip alikichomoa kifuniko kwa siri, akakitia mfukoni.

"Usirudishe, Ba. Imetoka vizuri mno."

Akamaliza filamu iliyobaki kwa kuupiga mlango wa kabati uliofungwa. Tangu siku hiyo hakulala vizuri mpaka usiku wa maonyesho ya klabu. Mama alisisitiza kwenda, akaketi karibu naye. Mtaa alioupiga mwanzo ukapita kwenye pazia, dirisha likapita, kisha giza. Projekta ilinguruma, watu wakakohoa, Douglas akageuka kumtafuta kwa macho. Pradip aliomba ardhi ipasuke immeze.

Mama alimwinamia sikioni. "Kile kifuniko nilikiona. Mimi mke wa mpiga picha."

"Uliona! Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungekitoa. Kingetoka, ningecheza tu, halafu nikarudisha nguo sandukuni. Kamera ilikuwa haioni, basi nilizipanga kweli."

Kwenye pazia kabati lilitokea, limefungwa. Bi Hansa akalitazama mpaka filamu ikakatika.

"Shati la baba yako limo humo," alisema. "Akija atalikuta."