Pua ya Upande Mmoja

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, lori la majani ya chai limesimama Lupembe, nami kijana wa kupakia magunia. Dereva alinusa gunia nililobeba, akanitazama.

"Majani haya yameshachemka humo guniani, yanaanza kuoza. Wewe husikii harufu?"

Nilisikia kwa mbali sana. Tundu la pua la kushoto lilikuwa limeziba tangu msimu uliopita. Wenzangu wakacheka: "Pua yake kama taa za lori letu, inafanya kazi upande mmoja."

Mwanangu, huku kwetu baridi ikishuka kila mtu anavuta kamasi, basi nami sikuona ajabu. Nilijifukiza majani ya mkaratusi, nikaendelea na kazi. Mazoea yana taabu. Jicho la kushoto lilipoanza kuvimba ndipo nikapanda gari kwenda hospitali ya Makambako.

Picha ya CT, ile eksirei inayozunguka kichwa, ilionyesha uwazi wa nyuma ya shavu umejaa wote.

"Umejaa nini, daktari?"

"Hapo picha hii inanyamaza. Huenda ni kamasi iliyokwama, huenda ni kuvu, huenda ni uvimbe. Kama wote huu ni uvimbe, tutakata hadi karibu na jicho. Kapige picha ya MRI kwanza, hospitali kubwa."

Nilifikia kwa baba mdogo, mkulima wa viazi pale Mahongole. Nikamwambia bora wakate tu, nirudi kazini. Hakupandisha sauti.

"Shina la kiazi likinyauka, unang'oa tuta zima? Si unafukua kwanza pembeni kwa mkono, uone kilichomo? Na jicho, kijana, halipandwi likaota."

Nikaenda huko hospitali kubwa. Mashine ile ya MRI hutumia sumaku. Hugonga kama fundi bati, lakini haiumi. Daktari wa huko akanieleza pole pole: majimaji huwaka meupe, nyama huwa ya kijivu. Kuvu ana ujanja wake, huweza kuonekana mweusi kama patupu, ndiyo maana aliziweka picha zote mbili, ya CT na hii, pamoja. Kwangu karibu kote kulikuwa kweupe: kamasi, iliyozibiwa njia na kinyama kidogo. Walikitoa kupitia puani, wakakipima, hakikuwa kibaya. Jicho ninalo hadi leo.

Kwa hiyo, mwanangu, pua ikiziba upande mmoja na miezi inapita, usiisingizie baridi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na daktari akikuambia bado hajajua, usimwone mjinga, anafukua pembeni. Mpe nafasi.

Mungu akutunzie macho yako, akujalie na pua ya kunusa mvua kabla haijavuka vilima.