Kufuli la Ramadhani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na spana zangu mwenyewe, nimezifunga kwenye kitambaa, nikijiona fundi kamili. Nilikuwa nimejifunza injini za malori kule Karagwe, Tanzania, nilikokulia kabla wazazi wangu hawajarudi Rwanda, na karakana moja ya Kicukiro, Kigali, ilikuwa inatafuta watu wa kutengeneza mitambo ya migodini. Mkuu wa karakana, ambaye sote tulimwita Shefu, hakuziangalia hata hizo spana. Alinipa kufuli jekundu lenye jina langu kwa rangi nyeupe, na ufunguo mmoja.

"Ufunguo wa pili uko wapi, Shefu?" nikauliza.

"Nimeutupa. Sikia kijana, spana ikipotea nitakupa ingine. Hii ufunguo iko maisha yako. Usiipe mutu, hata mimi."

Nilidhani ananitisha tu, kama wakubwa wanavyopenda kuwatisha wageni.

Niwaeleze ninyi mnaojifunza ufundi leo. Krasha, ile mashine ya kuvunja mawe, ina taya za chuma. Taya zikilika, fundi huingia mdomoni mwa mashine kuzibadilisha, na swichi yake iko chumba kingine kabisa, ambako anayewasha hawezi kukuona. Kwa hiyo kila fundi, kabla ya kuingia, alifunga swichi kwa kufuli lake. Mafundi wanne, makufuli manne. Kufuli lilifunguliwa na mwenyewe tu, na hata moja likibaki, umeme haurudi. Shefu alisimama pale mdomoni mpaka kazi iishe. Kila tulipotoka, mmoja mmoja, alitugusa bega na kusema, "Huyu ametoka."

Baada ya kuzoea karakana, nilipelekwa pamoja na Shefu kwenye mgodi wa gasegereti, yale mawe yanayotoa bati, juu ya vilima nje ya Kigali. Niliipenda kazi ile, sifichi. Vumbi lilikula sili za mitambo, matope yakaziba vichujio, na kila kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, kilichofanya kazi siku nzima kilirudi kinavuja mafuta ya haidroliki. Nilijifunza kugusa mfuniko wa beringi kwa mgongo wa mkono nikajua kama inaomba grisi. Mke wangu alilalamika kuwa hata kanisani nilinukia dizeli. Nilimwambia avumilie, dizeli ndiyo iliyokununulia hicho kitenge ulichovaa.

Sasa nije kwa Ramadhani. Alikuwa fundi mwenzetu, mkazi wa Nyamirambo, mtaa wa Kigali, mcheshi, mkono wake mwepesi. Siku hiyo tulibadilisha taya za krasha tangu asubuhi. Katikati ya kazi, Shefu akiwa ameitwa ofisini, Ramadhani alipigiwa simu: mama yake amefika stendi ya Nyabugogo na basi la kutoka Rusizi, hajui aelekee wapi. Akaruka juu ya pikipiki, akaenda. Sisi tulimaliza, tukafungua makufuli yetu. Lake likabaki linaning'inia kwenye swichi, na ufunguo uko mfukoni mwake, Nyabugogo. Simu yake ikawa imezimika.

Malori ya mawe yalikuwa yamepanga foleni, na wenye mgodi walikuwa wanakuja kuona krasha ikifanya kazi. Meneja wa mgodi akaleta mkasi wa kukatia vyuma.

"Ramadhani iko Nyabugogo! Mulinzi wa geti amemuona akipanda pikipiki. Ndani nimeangalia na macho yangu, hakuna mutu. Kateni!"

Shefu, aliyekuwa amerudi kutoka ofisini, akasimama mbele ya swichi. "Meneja, mimi siulizi mutu iko wapi. Mimi naona kufuli."

"Unajua nani anakuja hapa leo?"

"Najua. Watamungoja Ramadhani, kama sisi."

Wageni walifika, wakaikuta krasha kimya, wakanywa soda, wakaondoka wamenuna. Mimi nilikuwa na njaa na hasira. Nikamnong'oneza, "Shefu, si ni kweli hakuna mtu ndani?"

"Tukikata leo mutu hayuko, kesho watakata mutu akiwa ndani."

Jua likiwa linashuka ndipo Ramadhani alipotokea, jasho linamtoka, na mama yake nyuma amebeba ndoo ya isambaza, dagaa wa Ziwa Kivu. Mama akatutazama, akayatazama malori. "Mwanangu, kumbe hii yote inakungoja wewe?" Tulicheka, hata Shefu. Meneja hakucheka. Kabla mwezi haujaisha, Shefu alitolewa mgodini akarudishwa Kigali kutunza stoo ya vipuri, na huko ndiko alikostaafia. Watu walisema mzee kapoteza cheo kwa sababu ya mashine tupu. Iliniuma sana.

Miaka ikapita, Ramadhani akahamia Kongo, nami nikawa mkuu wa mafundi palepale mgodini, vijana wakiniita Muzee. Asubuhi moja niliwaambia wenzangu kwamba nitakwenda kliniki kupima presha. Nikaahirisha bila kumwambia mtu, nikaona bora kwanza nikaze bolti za taya moja iliyolegea. Nikafunga kufuli langu, nikaingia, masikio nimeyaziba kwa sababu ya kelele za kombresa, mashine ya kusukuma hewa, iliyokuwa jirani. Kiongozi wa zamu, mgeni pale, akaamuru krasha iwashwe.

"Kufuli ya Muzee ameisahau. Si alisema anaenda kliniki? Ikateni."

Aliyekuwa ameshika mkasi ni Klodina, fundi niliyemfundisha mwenyewe. Akauweka chini. "Mimi siulizi Muzee iko wapi. Naona kufuli."

Walikuwa bado wanabishana nilipochungulia nje ya taya za krasha kuomba spana nyingine. Kiongozi wa zamu aliketi chini palepale.

Sasa nimestaafu, nalima mihogo Masaka, pembeni ya Kigali. Vidole vyangu vyote ninavyo, na fundi wa mitambo akisema hivyo amejisifu vya kutosha. Juma la kwanza la kustaafu nilipanda pikipiki hadi Kicukiro, nyumbani kwa Shefu. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, lakini sauti yangu aliijua. Nikamsimulia yote: kliniki, mkasi, Klodina na maneno aliyosema.

"Na kufuli?" akauliza.

"Halikukatwa, Shefu. Nililifungua mwenyewe."

Akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akalipata bega langu.

"Huyu ametoka," akasema.