Begi la Kitindamimba

Fundi Mabegi alisifika mtaani kwa jambo ambalo fundi nguo na fundi simu hawajawahi kusifiwa: hakuwa na "njoo kesho." Ukimpelekea begi asubuhi, jioni unaliburuta kwenda nalo nyumbani, zipu inateleza kama ulimi wa mbea.

Na kazi haikumpungukia, maana mtaa mzima ulikuwa safarini. Timu ya mpira ilibaki na kipa na mwenyekiti. Maghorofa yalipanda kwa hela za ng'ambo, vyumba vitupu, wapangaji popo. Msibani jeneza lilibebwa na wazee wanaohema kuliko alivyohema marehemu, huku vijana wenye mabega yao wakilia kwenye simu. Mabegi ya wote hao yalipita mikononi mwa fundi. Alibadilisha magurudumu, akashona mikanda, akawatakia watu safari njema mpaka maneno yenyewe yakamchosha mdomo.

Watoto wake wawili wakubwa nao walipita hapo hapo kwenda ng'ambo. Begi la kwanza alilishona kwa majivuno, la pili kimyakimya. Mkewe alishatangulia mbele ya haki. Akabaki na kitindamimba, binti aliyejifunzia cherehani mapajani mwake na ndiye pekee aliyebaki wa kumtania.

Basi kitindamimba naye akapata kazi ng'ambo, kulea vikongwe wa watu. Akaleta begi, zipu imekufa.

"Njoo kesho," fundi akasema.

Wateja wakatazamana. Binti akaja kesho yake.

"Uzi umeisha."

Kesho yake tena: "Zipu za rangi hiyo sina."

"Baba, begi jeusi hilo. Zipu nyeusi zimejaa kopo zima."

"Hizo za wateja."

"Na mimi ni nani? Ndege ni Jumamosi, baba."

Fundi akainamia cherehani, akashona kitu ambacho hakikuhitaji kushonwa. Binti akaondoka bila kubamiza mlango, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Begi lilikuwa chini ya meza, limefunikwa matambara. Aliyeliona ni muuza chai wa pale mlangoni. Huyu mama alikuja toka nchi nyingine angali msichana, akaolewa hapa, akazaa hapa, akazika hapa, na hadi leo mtaa unamwita Mgeni.

"Mzee, hilo begi umelificha au umelilaza?"

"Nipe chai. Hotuba sikuagiza."

"Chai hiyo hapo. Mimi baba yangu alinificha viatu."

Fundi akainua macho.

"Siku ya kuondoka nimetafuta nyumba nzima, hakuna. Nikaondoka na kandambili, tena za kuazima. Njiani baridi ikanila vidole. Lakini si nilifika? Si huyu hapa nakukera? Mpaka leo nikimpigia, salamu baadaye. Kwanza ananiuliza, 'Miguu imepona?' Namwambia ilipona zamani, baba. Haamini."

"Alikosea?"

Mgeni akapangusa kikombe ambacho kilikuwa kimeshapanguswa. "Sijui, mzee. Alichoka kuaga watu. Ila viatu angenipa tu."

Akaenda kuwahudumia wengine. Chai ya fundi ikapoa, ikafanya utando, asiione.

Alasiri binti akaja. Alilikuta begi juu ya meza, zipu ya zamani imeshafumuliwa, nyuzi zimesafishwa moja moja. Baba yake alikuwa anahangaika kutunga sindano ya cherehani, uzi unapita pembeni ya tundu, unapita tena pembeni.

"Macho?" binti akauliza.

"Mikono. Leo imegoma."

"Sogea basi."

Fundi akasogea, akamwachia kiti. Binti akatunga uzi mara moja, akalaza zipu nyeusi mahali pake. Baba akashika kitambaa upande wa pili, akakivuta kikae sawa, kama alivyomfundisha binti kumshikia utotoni. Cherehani ikaanza kunguruma. Walishona vichwa vimekaribiana, na nje mtu aliyekuja na begi lake alichungulia, akaamua kurudi baadaye.

Walipokaribia mwisho, fundi akagusa mshono kwa kidole.

"Hapo umeruka."

Binti akatazama. Mshono ulikuwa umenyooka, hakuna paliporukwa. Akamtazama baba yake, uso umechoka kama wa mtu aliyeshinda juani.

"Kweli, nimeruka," akasema. Akachukua wembe, akafumua polepole, akaanza upya.