Mafuta ya Kondoo kwenye Plagi ya Tatu

Lori la baba lilikuwa la petroli, na hilo peke yake lilitosha kumfanya achekwe Garsen nzima. Wenzake walihamia dizeli zamani, yeye akabaki na silinda zake sita, kabureta moja, na plagi za kusugua kwa brashi ya waya kila akitoka safari ndefu. Ukimuuliza kwa nini asiliuze, anakujibu, "Dizeli ni kelele tu. Hili linaongea." Nilipokuwa mdogo niliamini kabisa kwamba linaongea. Sasa mimi ni mama mtu mzima, nina duka la vipuri pale pale mjini, na bado imani hiyo haijanitoka.

Sisi asili yetu ni wakulima wa mtoni, huko juu. Baba ndiye aliyeteremka Garsen akiwa kijana, akawa anabeba maembe, ndizi na mchele wa ndugu zake kuvipeleka pwani. Mimi nilizaliwa lori likiwa tayari lipo. Kabla sijajua kusoma nilijua jinsi moto unavyopita kwenye silinda zile: moja, tano, tatu, sita, mbili, nne. Nilikuwa nikiruka kamba kwa mpangilio huo, na wasichana wenzangu wakikasirika kwa sababu hesabu yangu haikufanana na ya mtu yeyote.

Asubuhi, kabla hajapakia, baba alikuwa akinisimamisha juu ya bampa ya mbele, bonneti wazi, injini inanguruma, ananiambia, "Fumba macho." Halafu ananifundisha. Tapeti, kile chuma kinachosukuma vali, ikilegea inagonga kikavu, na haichoki hata injini ikipata moto. Gasketi ya ekzosti ikivuja inalia tik-tik asubuhi kwenye baridi, chuma kikishatanuka inanyamaza, inajifanya haikuwa yeye. Plagi isiyokazwa inatema. Ukiipaka povu la sabuni utaona mapovu yanacheza. Kisha anazima, anazifungua plagi zote, anazipanga kwenye gunia kwa zamu zao. Yenye rangi ya chai ya maziwa ni nzima. Yenye masizi makavu, injini inakunywa petroli kupita kiasi. Nyeupe, injini inaungua. Inayong'aa kwa oili, basi andaa mfuko wako. Alinipa nizinuse, na mimi nilinusa. Mama alikuwa akilalamika kwamba ana mtoto wa kike anayenuka petroli hata siku ya Idi. Wee, nimezikumbuka asubuhi hizo! Nikifungua boksi la plagi dukani hadi leo moyo unanienda mbio, na wateja wananiona nimesimama tu.

Sasa, mwaka juzi, maji ya Tana yalipopungua na barabara zikaanza kupitika, lori likaanza kulia tik-tik. Wakati huo huo kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi Mombasa, alikuwa amekuja kutusalimia. Aliisikia tik-tik hiyo kutoka getini. Na alikuwa ameona jambo jingine: ukimuita baba kwa nyuma, hageuki. Ukimwambia kitu, anasema "Ee?" halafu anajibu jambo ambalo hukuuliza. Jioni kaka akatuweka kitako, akasema lori liuzwe kwa wale wanunuzi wa chuma chakavu na mzee apumzike.

"Nipumzike nimefanya nini?" baba akauliza.

Mimi nilimrukia kaka kwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Mwisho wakapatana hivi: baba apakie maembe, apeleke Kipini, arudi. Lori likienda na kurudi bila kuzimika, linabaki na dereva wake anabaki. Likizimika njiani, basi, linakwenda kukatwa vipande na baba anakaa barazani. Kaka akarudi Mombasa akisubiri simu. Na mimi nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba baba akikaa barazani hatafika msimu mwingine wa maembe.

Kesho yake nilifunga duka mapema nikaenda kumsaidia. Nilimkuta ameshafungua kifuniko cha tapeti, anaingiza vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kimoja kimoja, mikono yake imetulia kabisa. Alizimaliza zote, akafunga, akawasha. Tik-tik-tik-tik. Ilikuwa pale pale, kubwa kama jana.

Baba akatabasamu. "Unaona? Imenyamaza."

Nilidhani ananitania, maana ni mtu wa utani. Nikamsubiri acheke. Hakucheka, alikuwa anafuta spana zake na kuzirudisha kwenye mfuko, mtu aliyemaliza kazi yake. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilishika mlango wa lori. Tik ile ilikuwa nyembamba mno kwa masikio yake, haimfikii tena. Ngurumo alikuwa anaipata, honi labda, lakini ile sauti ndogo aliyonifundisha kuitafuta nikiwa nimefumba macho, ilikuwa imemwacha. Nilitaka kulia na nilikuwa na hasira pia, sijui hasira ya nani.

"Baba," nikasema, karibu na sikio lake, "bado kidogo."

"Bado?"

"Kidogo tu."

Alinitazama sana. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Wapi?"

Baba yangu hakuwahi kumuuliza mtu "wapi" kuhusu lori lile. Nikachukua kibanio cha nguo cha mbao na kitambaa kikavu, nikaanza kuchomoa nyaya za plagi moja baada ya nyingine injini ikiwa inanguruma. Ukichomoa waya wa silinda inayofanya kazi, injini inayumba. Hiyo ni dawa ya zamani, ni yake mwenyewe. Ya kwanza, ikayumba. Ya pili, ikayumba. Ya tatu, hakuna kitu. Nikairudisha, hakuna kitu. Silinda ya tatu ilikuwa imelala, na tik ilikuwa inatoka upande huo huo.

Nilikimbia dukani nikaleta plagi mpya. Nikaifunga, nikairudishia kofia yake ya mpira, tukawasha. Tik-tik-tik. Alaa! Nikalipiga teke tairi.

"Usilipige," baba akasema. "Kama si plagi na si tapeti, moto unavuja. Moto unaovuja unaonekana gizani."

"Baba, saa hizi ni adhuhuri!"

"Na turubai je?"

Tukalivuta turubai la maembe, tukalifunika juu ya bonneti, tukaingiza vichwa vyetu chini yake, mimi na yeye, pamoja na joto lote la Garsen. Injini inanguruma, feni inazunguka mbele yetu, jasho linatiririka machoni. Alinishika mkono wa nguo nisiisogelee feni, vile vile alivyokuwa akinishika nikiwa na miaka sita. Tulikaa mpaka macho yakazoea. Na yeye ndiye aliyeona kwanza.

"Pale!"

Kutoka chini ya kofia ya plagi ya tatu kulikuwa na uzi mwembamba wa buluu unashuka juu ya kauri mpaka kwenye chuma. Unashuka, tik. Unashuka, tik. Moto uliotakiwa kuingia ndani ya silinda ulikuwa unatorokea nje.

"Hiyo ndiyo sauti yenyewe?" akaniuliza.

"Ndiyo hiyo, Baba."

Hakutoa kichwa. Aliiangalia kwa muda mrefu, hata nikaogopa atazimia kwa joto, kwa sababu ile tik ambayo hakuweza kuisikia sasa angalau alikuwa anaiona.

Tulipoichomoa kofia ile tena na kuichungulia, ndani mlikuwa na mafuta meusi, mazito. Niwaeleze. Kwetu, mto ukifurika na barabara ikazama, dereva wa gari la petroli haingii majini hivi hivi. Anatoa mkanda wa feni isije ikarusha maji kwenye injini, na anapaka kofia za plagi mafuta ya mkia wa kondoo ili maji yasipenye. Baba alifundishwa na wafanyabiashara Wasomali waliokuwa wakivusha ng'ombe, na alikuwa akipata kopo lake kwa jirani yetu Msomali muuza nyama, mafuta yaliyoyeyushwa, safi. Plagi ya tatu iko chini ya tundu la bonneti ambako maji hupenya, kwa hiyo hii huipaka zaidi ya wenzake. Lakini safari hii jirani alikuwa amehamisha watu wake kwenye miinuko, duka limefungwa.

Nikachovya kidole kwenye yale mafuta, nikalamba. Chumvi! Chumvi tele, ya kopo la jikoni, ile mama anayotia ili mafuta yakae siku nyingi. Chumvi na unyevu wa mafuriko, umeme ungetaka njia gani nyingine?

Nikamuita mama kwa sauti ya juu. Akatoka na upawa mkononi, nikamuuliza kama yeye ndiye aliyempa baba mafuta.

"Ndiyo, aliniomba."

"Yale ya chumvi?"

"Kwani lori nalo lina presha?" mama akasema, akarudi jikoni.

Tulicheka mpaka baba akakaa chini. Mbavu ziliniuma. Tukaziosha kofia zote kwa petroli, tukabadilisha ile ya tatu pamoja na plagi ile mpya, maana kauri yake ilikuwa imeshapata mstari mweusi wa moto. Akawasha. Injini ikashika, laini, silinda zote sita zinafanya kazi. Alinigeukia mimi.

"Imenyamaza?"

"Imenyamaza," nikasema, na safari hii ilikuwa kweli.

Jumamosi tukapakia maembe, nikapanda naye. Nilisema naenda kuona bei za Kipini. Sote wawili tulijua naenda kwa nini. Tukapita Minjila, tukapita Witu, lori linakwenda vizuri ajabu, baba anaimba. Kipini walituchukulia mzigo wote kabla ya chakula cha mchana. Tulipata wali na samaki, tukapakia nazi na ng'onda, samaki wa kukaushwa, za kurudi nazo. Nikampigia kaka kumwambia tumefika na injini inakwenda vizuri, na niliongeza maneno mawili matatu ya kumkera. Nilikuwa na furaha, sikatai. Niliona tumeshinda.

Tulikuwa tumeshaipita Witu, tunarudi, lami imenyooka, baba yuko katikati ya barabara kama kawaida yake. Basi likaja nyuma. Likapiga honi. Baba hakusogea. Likapiga tena, refu, halafu likashikilia moja kwa moja. Nilimtazama, alikuwa anatazama mbele, anaimba wimbo wake, uso umetulia. Nilipounyanyua mkono kumgusa bega, basi lilikuwa limeshachoka kusubiri, linatupita upande wangu, magurudumu kwenye mchanga, na utingo ananing'inia mlangoni anatutukana. Baba alipoliona dirishani alishtuka akavuta usukani. Lori likayumba, nazi zikagongana nyuma, na kwa kitambo kidogo nilifikiri tunalala kwenye mtaro. Akalidhibiti. Akalisogeza pembeni, akasimama.

Injini ilikuwa bado inanguruma, taratibu, bila dosari yoyote.

"Alipiga honi?" akauliza.

Ningeweza kusema hapana. Lilikuwa neno jepesi, na lingemrudishia lori lake, kaka Mombasa asijue kitu.

"Alipiga, Baba."

"Sana?"

"Sana."

Alikaa mikono yake ikiwa bado juu ya usukani. Kisha akafungua mlango, akateremka polepole, akazunguka kwa mbele akishika bonneti, akaja kufungua mlango wa upande wangu. Macho yake yalikuwa mekundu. Sikumbuki kama niliwahi kumuona hivyo kabla ya siku hiyo.

"Sogea," akaniambia. "Lori halizimiki. Linabaki."

Nikasogea kwenye usukani. Nilitia gia ya kwanza, nikaingia barabarani, machozi yananitoka na siyafuti. Baba aliketi pale ambapo hajawahi kuketi tangu alinunue, magoti pamoja, mikono hajui aiweke wapi. Tulikwenda hivyo. Kisha akanigeukia.

"Badilisha gia, mama. Husikii linavyolalamika?"

Lori halikuwa likilalamika. Lilikuwa linakwenda safi, kwenye gia yake.

"Nasikia, Baba," nikasema, nikabadilisha.