Mlinzi wa Mawe na Jina la Baba Yake

Ijumaa iliyopita nilipata habari za kifo cha mtu aliyekwisha kuzikwa. Alifariki Jeddah miezi mitano iliyopita, nami muda wote huo nilikuwa hapa Riyadh nikidhani amebadilisha namba ya simu, kama wanavyofanya wenzetu wengi wakihama kazi, na hata nilimnung'unikia moyoni kwamba amenisahau. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua sina desturi ya kutaja mtu kwa jina katika safu hii, awe hai au marehemu. Leo pia sitataja, ingawa safari hii desturi hiyo inanichoma. Niseme tu kwamba alikuwa Mkenya wa Bonde la Ufa, Mkristo, umri wake miaka thelathini na kidogo, mrefu wa kuinamia milango, na Kiswahili chake kilikuwa cha kutia huruma. Nilimwambia hivyo siku ya kwanza tulipokutana. Akanijibu kwamba sisi watu wa pwani tunaongea vizuri kwa sababu hatuna kazi nyingine ya kufanya.

Tulijuana kwenye ukumbi mmoja wa hapa Riyadh uliokuwa na maonyesho ya mawe ya kale yaliyoazimwa kutoka nchi za kaskazini. Mimi riziki yangu ni viyoyozi. Kuandika ni ugonjwa tu ulionipata ukubwani. Mawe yale yalitaka hewa isiyopanda wala kushuka, kwa hiyo nilikuwa nikiitwa pale karibu kila juma kupima na kusafisha. Yeye alikuwa mlinzi wa chumba cha mwisho, chumba cha mawe ya Urartu. Hiyo Urartu ilikuwa dola ya milimani, kuzunguka ziwa Van, kama miaka mia nane kabla ya Masihi, na wafalme wake walikuwa na wazimu mmoja: kila walichofanya walikichonga kwenye jiwe. Wakijenga ngome, wanachonga. Wakichimba mfereji, wanachonga. Wakikosa jiwe la kusimamisha, wanapanda kwenye jabali na kuchonga humo humo, na ndiyo maana mengine yaliyokuwa pale ukumbini yalikuwa nakala za plasta, kwa kuwa jabali halibebeki. Alama zenyewe ni vikabari vidogo vilivyopangwa mistari kwa mistari, kama kuku amepita juu ya tope.

Ukisimama mahali pamoja saa tisa kwa siku, miezi mitatu, utasoma hata maandishi ya kizima moto. Yeye alisoma vibao vya tafsiri mpaka akavikariri. Nilikuwa juu ya ngazi nikifungua kichujio cha hewa, nikamsikia akiyasema maneno ya mfalme kwa Kiswahili chake kile, mikono nyuma, macho mlangoni. Kwamba kwa uwezo wa mungu wetu, mimi fulani, mwana wa fulani, nimejenga hapa. Kwamba ardhi hii ilikuwa tupu, hakuna mtu aliyekuwa amejenga kitu. Kwamba atakayefuta jina langu, atakayelivunja jiwe hili, atakayemwambia mwingine kuwa yeye ndiye aliyefanya kazi hii, miungu imfute chini ya jua. Hapo ndipo alipokuwa akicheka. Alisema laana hiyo ingekuwa bado inafanya kazi, Riyadh nzima isingebaki mkandarasi hata mmoja.

Lakini kilichomshika si laana. Kilikuwa kile kineno kidogo, mwana wa. Siku moja aliniita nishuke ngazini, akanizungusha jiwe kwa jiwe kama mimi ndiye mgeni rasmi, akinionyesha kwa kidole bila kugusa. "Fundi, umeona? Hakuna hata mmoja aliyekuja peke yake hapa. Kila mmoja amekuja na baba yake," aliniambia. Nikamjibu kwamba wafalme ndivyo walivyo, wanataja baba ili watu wajue kiti ni chao kwa haki. Hakukubali. Alisema mtu asiyetaja baba yake ni kama mzigo uliodondoka garini. Kisha akanipeleka kwenye kibao kingine kilichoeleza habari ya mfalme mmojawapo aliyechonga jiwe kwa ajili ya farasi, eti kutoka mahali hapa farasi wangu aliruka dhiraa ishirini na mbili, na jina la farasi likaandikwa. Jambo hili lilimkera sana. Farasi ameandikwa, alisema, na aliyekaa juani na patasi akimchonga huyo farasi hajaandikwa popote.

Alikuwa na sababu ya kukereka. Kabla ya ulinzi alikuwa kibarua wa zege, na kuna jengo moja refu kwenye barabara niliyokuwa nikipita naye kwenda kula, ambalo kila tulipolifikia alinikumbusha kwamba nguzo zake za chini walimimina wao. Aliniambia kwamba humo, kwenye sakafu ya chini, zege likiwa bado bichi, alichukua msumari akaandika jina lake, akaandika mwana wa, akaandika jina la baba yake. Msimamizi akaja, akasoma, akasema yalla, halas, yaani haya, basi, akachukua mwiko akasawazisha. Baadaye vikaja vigae. Alinisimulia habari hiyo si mara moja, na kila mara jina la baba yake alilitamka kamili, taratibu, kama mtu anayekusomea namba ya simu. Kwa hiyo nililijua. Nawaomba mlikumbuke hilo, kwa sababu ndilo linalonikosesha usingizi: nililijua jina la baba yake vizuri kuliko majina ya baadhi ya wajomba zangu.

Sasa niseme kidogo juu ya majina yetu huku. Ukifika Uarabuni, jina lako linaingia mashineni na kutoka limebadilika. Herufi ya p hawana, ch hawana, kwa hiyo ndugu zetu wa bara wanatoka na majina ambayo mama zao wasingeyatambua. Kazini hutumii hata hilo. Wewe ni Kenya, au sadiki, yaani rafiki, au yule mrefu. Na sisi nasi tumejifunza kuita. Bibi wa nyumba ni madam. Mwenye nyumba ni baba. Baba anataka gari, baba amekasirika, baba amesafiri. Mtu ana miaka hamsini, ana wajukuu kwao, na anamwita baba kijana aliye mdogo kwake kwa miaka ishirini. Mwanzoni tunalisema kwa adabu, baadaye kwa mazoea, na mwisho ukimwuliza mtu ghafla baba yuko wapi, atakujibu yuko juu amelala, hata kama baba aliyemzaa yuko Kenya anapalilia mahindi. Nimewahi kulifanyia mzaha jambo hili katika safu hii, na wengi mlicheka. Sijui leo ningelianzia wapi kulifanyia mzaha.

Maonyesho yalipokwisha, mawe yakarudi kwao na mkataba wake wa ulinzi ukaisha. Akapata kazi ya udereva Jeddah kwa mzee mmoja mwenye nyumba kubwa, na huyo akawa kafili wake, yaani mdhamini mwenye karatasi zake. Kiangazi kilipofika mzee alisafiri na familia yake nje ya nchi, akaifungia ikama ya dereva, kile kibali cha ukaazi, ndani ya kabati. Wiki hiyo hiyo nilipelekwa Jeddah kufunga mitambo ya baridi, nikapanga kitanda mtaa wa Kandara, na kumbe naye alikuwa kajisogeza huko kwa wenzake wakati bosi hayupo. Nilimkuta hoi. Kifua kimembana, homa inampanda, anaongea vipande vipande. Nikamchukua kwenye teksi mpaka hospitali.

Dirishani kulikuwa na karani aliyechoka na foleni iliyofika mlangoni. Ikama hakuna, kwa hiyo faili likaandikwa kwa mdomo. Akaulizwa jina, akataja jina lake la ubatizo, ambalo ni jina la nabii na Waarabu nao wanalo. Kisha karani akamwuliza kwa kile Kiarabu cha kuvunjavunja wanachotusemesha, baba jina nani? Na yeye, kichwa kimejaa homa, akataja jina la bosi. Lote, majina matatu mfululizo, kama alivyolizoea kulitaja getini. Karani akaandika. Akaombwa namba ya mtu wa nyumbani, akatoa ya bosi pia, ndiyo pekee aliyoikariri. Mimi nilikuwa nimemshika bega. Nilisikia kila neno. Na nilifanya nini? Nilicheka. Nikamwambia hongera, leo umepata baba Mwarabu, na yeye akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Nikajiambia nitarekebisha kesho. Kesho yake asubuhi nikaitwa kurudi Riyadh, nikampigia simu kumuaga, akasema anaendelea vizuri. Siku tatu baadaye simu yake haikupatikana tena.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia, lakini acha niyaseme. Alikufa siku ya nne. Hospitali ilimtafuta baba wa marehemu kwa ile namba, ikalia bila kupokelewa. Bosi aliporudi na kukuta dereva hayupo, aliripoti kwamba ametoroka, na wakala aliyempeleka Uarabuni akawaambia watu wa kwao hivyo hivyo, kwamba kijana wenu ni mtoro. Baba yake akaambiwa hivyo kwa simu, mbele ya majirani. Ni binamu yake mmoja, mwanamke anayefanya kazi za ndani Jeddah na kulala kwa wenzake mtaa wa Al-Mahjar siku yake ya mapumziko, ndiye aliyekataa kuamini. Alipata namba yangu kwa watu wa Kandara, akaniuliza nilimwacha wapi. Nikamwambia. Akaenda hospitali akataja jina la binamu yake, akaambiwa hayupo, hajawahi kuwepo. Alinipigia akilia, akasema, "Kaka, wanasema mtu kama huyo hawamjui." Nilikuwa juu ya paa la ghorofa, mkono uko ndani ya bomba la hewa, na hapo ndipo lile dirisha liliponirudia. Nikamwambia arudi, amtafute kama mwana wa bosi. Akarudi. Wakampata kwa dakika moja.

Alikuwa amehifadhiwa mpaka muda ulipopita bila mtu kudai, kisha akazikwa. Jina la nabii, na baba mwenye jina la Kiislamu, nani angeshuku? Wakamwosha, wakamvika sanda, wakamswalia, wakamlaza. Mimi ni Mwislamu na siwezi kuwalaumu waliofanya hivyo, walimtendea mgeni heshima waliyoijua. Jumatatu nilikwenda Jeddah, nikaonyeshwa safu ya makaburi na kuambiwa ni hapa au pale pembeni. Ni udongo na kijiwe kisicho na herufi hata moja. Hiyo nayo si dharau, ndiyo desturi ya huku, hata tajiri wao hulazwa vivyo hivyo. Nilisimama pale nikajaribu kumwombea, nikashindwa hata kujua nielekee kaburi lipi. Nimewauliza wanaohusika kama anaweza kurudishwa kwao. Jibu ni kwamba hapana, aliyezikwa amezikwa.

Ilibaki kumpigia baba yake, na binamu aliniomba nifanye mimi kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwepo. Mzee alinisikiliza bila kunikatiza. Nilimweleza kwanza kwamba mwanawe hakutoroka, akasema hilo alilijua. Nikamweleza hospitali, nikamweleza kaburi. Nikafika kwenye dirisha, na hapo nilitaka kupita haraka, lakini akanirudisha. Akauliza kama ni kweli waliuliza jina la baba yake. Nikasema ndiyo, mzee. Akauliza kama nilikuwa karibu. Nikasema nilikuwa nimemshika bega.

"Na wewe jina langu ulikuwa hulijui?"

"Nililijua, mzee."

Kisha akasema, bila hasira yoyote, na afadhali angenitukana, "Si ungelitaja tu."

Nimesoma sana juu ya dola na wafalme, na ningeweza kuwafundisha hapa kwamba dunia huwakumbuka wakubwa na kuwasahau wanaobeba mawe. Hilo mnalijua bila mimi. Ninalowaachia ni dogo kuliko hilo, na linawezekana. Ukimpeleka mwenzako mahali watu wanapoandikwa, simama naye mpaka jina la baba yake liandikwe sawasawa, hata foleni ikikusonya, hata mgonjwa mwenyewe akicheka. Mimi niliona aibu kumchelewesha karani.